Pombe ya mkobani Hulugho: Manahodha wengi, chombo kisiende mrama

MWALIMU, muuguzi au karani wa serikali anayepokea barua ya kuhamishiwa Hulugho, katika Kaunti ya Garissa, hupewa mawaidha mengi kabla ya kufunga safari. Huambiwa ajiandae kwa jua kali, kwa mchanga unaozamisha magurudumu, na kwa hali ya usalama isiyotabirika.

Lakini kuna swali moja ambalo huulizwa kwa sauti ya chini. Je, mtu anayekunywa anaweza kubeba chupa yake mkobani, akaipandisha garini na kuifikisha salama?

Huenda swali hilo likaonekana la mzaha katika sehemu iliyo karibu na mpaka wa Somalia, yenye uhaba wa maji, walimu na wahudumu wa afya. Hata hivyo, ndani yake mna masuala matatu mazito: haki ya msafiri, haki ya mwenye chombo, na heshima ya mwenyeji. Mahali ambapo masuala hayo matatu hayajapatanishwa, chupa moja inaweza kuharibu uhusiano uliochukua miaka kujengwa.

Ulimwengu wa usafiri umewahi kulitatua swali hili, japo kwa namna inayotofautiana na mazingira ya Hulugho. Mfano ulio wazi zaidi ni meli za kitalii, zile hoteli zinazoelea ambazo huzunguka bahari za dunia na ambazo baadhi yake hutia nanga Mombasa.

Mtu angedhani kwamba katika meli ya starehe, ambamo baa hazihesabiki, abiria hawezi kuulizwa kuhusu chupa yake. Mambo ni kinyume. Kampuni nyingi kubwa humruhusu abiria mtu mzima kuingia na chupa moja ya mvinyo ya mililita 750 siku ya kwanza ya safari. Pombe kali hairuhusiwi. Mizigo hupitishwa kwenye mitambo ya kukagulia, na chupa anayonunua abiria bandarini wakati wa safari huwekwa ghalani na kurudishwa siku ya mwisho.

Anayetaka kunywa mvinyo wake katika chumba cha kulia hutozwa ada ya kufunguliwa kizibo, ambayo katika kampuni kadhaa ni takriban Dola 15 za Marekani.

Sababu za masharti hayo ni mbili. Ya kwanza ni usalama, kwa kuwa mlevi akianguka baharini usiku si rahisi kuokolewa. Ya pili, ambayo kampuni hazipendi kuitaja kwa sauti kubwa, ni fedha. Mauzo ya vinywaji ni nguzo mojawapo ya mapato ya meli, na kila chupa inayotoka nyumbani ni hasara kwa baa ya ndani.

Abiria nao hawakukaa kimya. Walibuni hila, kama vile kujaza pombe katika chupa za dawa ya kusukutulia mdomo au za maji ya kunywa. Ujanja huo ulipokithiri, kampuni ya Carnival ilipiga marufuku mwaka 2015 kuingizwa kwa vinywaji vya chupa, hata maji na soda, isipokuwa idadi maalumu ya mikebe. Hivyo basi wasio na hatia walibebeshwa mzigo wa wenye hila.

Pamoja na hayo, meli ina jambo moja ambalo Hulugho haina. Kanuni zake zimeandikwa. Abiria huzisoma na kuzikubali anaponunua tiketi, na nahodha ni mmoja. Anayevunja kanuni anajua atapoteza nini, na anayezitekeleza anajua mpaka wa mamlaka yake.

Nchi zisizouza, watu wanaobeba

Kuna wanaodai kwamba mfano wa meli hauwezi kulinganishwa na jamii ya Kiislamu ambayo huiona pombe kuwa haramu, wala si suala la ada ya kizibo. Hoja hiyo ina uzito. Lakini hata nchi zinazofuata Uislamu kikamilifu zimelazimika kuamua la kufanya kuhusu mgeni na chupa yake, na hazikuamua jambo moja.

Brunei imepiga marufuku uuzaji wa pombe. Hata hivyo, mgeni asiye Mwislamu huruhusiwa kuingia na chupa mbili za pombe kali na mikebe 12 ya bia, mradi aitangaze kwa maafisa wa forodha na ainywe faraghani. Kuwait ilichukua njia nyingine ikafunga mlango kabisa; hakuna anayeruhusiwa kuingia nayo.

Visiwa vya Maldives, ambavyo uchumi wake hutegemea watalii, vina utaratibu unaofanana na ule wa meli. Chupa ya mgeni huchukuliwa uwanjani na kurudishwa siku anapoondoka. Anayetaka kunywa atanunua katika hoteli za visiwa vya kitalii, wala si katika vijiji vya wenyeji.

Njia hizo tatu zinatofautiana, lakini zote zina sifa moja. Mgeni anazijua kabla hajafika. Hakuna anayeachwa akisie kama chupa yake itamletea faini, aibu au kipigo.

Sheria ya Kenya inasemaje?

Humu nchini, mwongozo mkuu ni Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo wananchi huiita Sheria ya Mututho kwa jina la mbunge wa zamani wa Naivasha aliyeiwasilisha bungeni. Sheria hiyo ilihalalisha chang'aa inayotengenezwa kwa leseni na kuwekwa chupani, ikabana saa za baa, na kukataza baa kujengwa chini ya mita 300 kutoka shuleni. Umri wa kuuziwa kileo uliwekwa kuwa miaka 18.

Julai 2025, serikali ilizindua sera mpya inayopendekeza umri huo upandishwe hadi miaka 21. Sera si sheria, na pendekezo kama hilo hulazimika kupitia bungeni kabla ya kumfunga mtu.

Kwa jumla, sheria ya 2010 inamlenga mtengenezaji, muuzaji, mwagizaji na mtangazaji. Mtu mzima aliyenunua chupa halali yenye stempu ya ushuru, kwa matumizi yake mwenyewe, hawi mhalifu kwa kuibeba tu. Anayebeba katoni kumi ili akauze bila leseni ni mhalifu, awe Hulugho au Nyeri. Vivyo hivyo anayebeba mtungi wa pombe isiyo na leseni, ambayo imewaua Wakenya wengi, wakiwemo zaidi ya 80 katika kaunti kadhaa mnamo Mei 2014.

Baadhi ya wakazi huamini kwamba kwa kuwa Garissa ni eneo la Waislamu, Mahakama ya Kadhi inaweza kumwadhibu mnywaji. Katiba ya 2010 haisemi hivyo. Kifungu cha 170 kinaiwekea mahakama hiyo mipaka ya ndoa, talaka, urithi na hadhi ya mtu, tena pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wameikubali mamlaka yake. Kifungu cha 8 nacho kinatamka kwamba hakuna dini ya taifa.

Kwa upande mwingine, Katiba hiyo hiyo imezipa kaunti mamlaka ya kutoa leseni za vileo. Bunge la Kaunti ya Garissa, kwa hivyo, lina haki ya kuamua ni wapi baa inaweza kufunguliwa na kwa masharti gani. Kaunti inaweza kubana leseni kadiri ya matakwa ya wakazi wake, ilimradi ifuate sheria. Asichoweza gavana yeyote kufanya kwa urahisi ni kuweka mkono wake ndani ya begi la abiria.

Funzo la jambo hilo lilipatikana Pwani mnamo Mei 2024. Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alitoa amri ya kupiga marufuku kuingizwa, kusafirishwa na kuuzwa kwa muguka katika kaunti yake. Kilifi na Taita Taveta zikafuata mkondo huo. Malengo yalikuwa ya kuwalinda vijana, na wazazi wengi walishangilia.

Lakini wakulima wa Embu walipinga. Rais William Ruto alitangaza kwamba marufuku hiyo haina nguvu kwa sababu muguka unatambuliwa na sheria ya taifa ya mazao, nayo Mahakama Kuu ya Embu ikatoa maagizo ya kuisimamisha kwa muda. Kaunti zilikumbushwa kwamba kudhibiti biashara ndani ya mipaka yao ni jambo moja, na kufunga njia kwa bidhaa halali ni jambo jingine.

Ikiwa kaunti yenye bandari na mawakili wengi ilikwama kwa muguka, Garissa isitarajie njia nyepesi kwa chupa ya mvinyo.

Dereva naye ana neno

Hata hivyo, msafiri asikimbilie kushangilia. Sheria kumruhusu kubeba chupa hakumlazimishi mtu mwingine kumbebea.

Hapa ndipo wengi wa wageni hukosea. Mgeni hudhani kwamba dereva anayekataa chupa yake ana chuki dhidi ya watu wa bara. Mara nyingi sivyo. Katika mafundisho ya Kiislamu, lawama ya pombe haimwishii mnywaji. Kuna hadithi mashuhuri ya Mtume Muhammad inayowataja watu kumi wanaolaaniwa kwa ajili yake, miongoni mwao muuzaji, mnunuzi, mbebaji na anayebebewa. Dereva mcha Mungu anayetia katoni ya bia kwenye buti ya gari lake huona kwamba ameingia katika orodha hiyo.

Kwake yeye, kukataa si siasa. Ni suala la dhamiri, nayo Katiba katika Kifungu cha 32 inailinda dhamiri yake kama inavyolinda ya abiria. Tena gari ni mali yake. Kama kampuni ya meli ya Miami inaweza kumwambia bwanyenye wa Marekani kwamba pombe kali haiingii chomboni mwake kwa sababu ya faida, itakuwaje mwenye gari la Masalani anyimwe haki ya kusema vivyo hivyo kwa sababu ya imani?

Tofauti ni kwamba kampuni ya meli huyasema hayo kabla ya kupokea nauli. Abiria wa Hulugho akiambiwa katikati ya nyika kwamba ashuke na chupa yake, mahali ambapo hakuna kituo wala mtandao wa simu wa kutegemewa, hilo halitakuwa tena suala la dhamiri. Litakuwa kuhatarisha maisha ya binadamu.

Mafundisho hayo hayo yana upande mwingine ambao haukumbukwi sana. Sura ya 49 ya Kurani inakataza kupelelezana. Wanazuoni wengi wa zamani pia hawakuweka adhabu ya mnywaji kwa asiye Mwislamu anayekunywa faraghani bila kuwaudhi watu. Kijana anayejipa kazi ya kuchungulia dirisha la mwalimu ili aone kilichomo katika kikombe chake hana hoja ya dini wala ya sheria.

Kuna pia suala ambalo wakazi wenyewe hulijadili kwa kinyume cha kicheko. Miraa hufika Garissa kila siku kwa magari yanayokimbizwa kama yanayofukuzwa na simba, na hutafunwa hadharani. Baadhi ya masheikh huikemea kwa ukali ule ule wanaoukemea ulevi, na akina mama wengi hulalamika kwamba pesa za chakula huishia humo. Jamii inayoona aibu kwa chupa iliyofichwa na isiyoona haya kwa furushi lililo wazi ina mjadala wa kufanya na nafsi yake.

Mkoba uliopekuliwa tangu zamani

Haitoshi kuzungumzia dini na sheria bila kugusa historia. Kaskazini Mashariki ni sehemu ambayo mkoba wa msafiri haujawahi kuwa wa siri. Wakoloni waliifunga na kuitaka kila roho iwe na kibali cha kuingia na kutoka. Baada ya uhuru, vita vya Shifta vilileta sheria za hali ya hatari ambazo hazikuondolewa hadi 1991. Kizazi kizima kilikua kikiamini kwamba daraja la Mto Tana ndilo mlango wa Kenya, na kwamba anayevuka lazima afungue begi.

Mashambulizi ya kigaidi yameongeza upekuzi huo, na hakuna mwenye akili timamu anayetaka uondolewe. Lakini upekuzi uliowekwa kwa ajili ya kutafuta vilipuzi hautakiwi kugeuka kuwa duka. Afisa anayeikuta chupa halali na kudai kwamba ni kosa, kisha akamaliza mambo kwa noti ya shilingi mia tano, hamlindi Mwislamu wala Mkristo. Anaula ukimya wa wote wawili.

Isitoshe, maafisa hao wenyewe wanajua kwamba sheria ya 2010 imezipa nafuu kanteni za vikosi vya usalama zinazowauzia wanachama wao. Kwa hivyo katika mji mmoja, askari anaweza kupata bia yake baridi kambini, ilhali mwalimu aliyesafiri naye katika msafara mmoja analazimika kuificha yake ndani ya mfuko wa unga. Hali kama hiyo huzaa vishawishi. Raia huanza kutafuta njia ya kuingia kambini, na katoni huanza kutafuta njia ya kutoka.

Kinachopiganiwa

Kwa nini jambo hili lisiachwe lijitatue? Jibu liko madarasani.

Novemba 22, 2014, watu 28 waliuawa walipotolewa ndani ya basi katika Kaunti ya Mandera na kutenganishwa kwa misingi ya dini. Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Januari 2020, walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika kaunti hiyo hiyo. Baada ya kila pigo, walimu wasio wenyeji walikimbia au wakahamishwa, na watoto wa wafugaji wakabaki na mbao zisizoandikwa.

Ieleweke vyema kwamba pombe haikuwa chanzo cha mauaji hayo, na anayetaka kuyahusisha anawatafutia wauaji udhuru wasiostahili. Lakini katika mahali palipojeruhiwa hivyo, imani kati ya mgeni na mwenyeji ndiyo ngao iliyobaki. Mzee wa mtaa ndiye humpigia mwalimu simu kumwambia leo usitoke. Mama wa jirani ndiye humweleza muuguzi kwamba kuna nyuso ngeni kisimani.

Ngao hiyo hutobolewa na mambo madogo. Mgeni anayelewa na kupiga kelele usiku wa Ramadhani, au anayewatuma vijana wa mtaa kumchukulia chupa zake, hujipunguzia watu wa kumpigia simu. Na mwenyeji anayemtangaza mgeni kuwa najisi kwa sababu ya alichokunywa nyumbani kwake humfukuza mtu pekee aliyekuwa tayari kumfundisha mwanawe hesabu.

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hulugho leo ina manahodha wengi juu ya chupa moja: polisi, dereva, mwenye nyumba, imamu, mzee wa ukoo, mwajiri na mbunge wa kaunti. Kila mmoja ana kanuni yake, na hakuna aliyeiandika.

Hatua za kurekebisha hali hiyo hazihitaji mabilioni ya pesa. Bunge la kaunti linaweza kuandika bayana, katika sheria yake ya leseni, kwamba linachodhibiti ni biashara na unywaji wa hadharani, na kwamba kilichomo ndani ya nyumba ya mtu mzima si kazi ya askari wa kaunti. Wenye magari wanaweza kubandika tangazo kituoni Garissa na Masalani, kwa Kisomali na Kiswahili, linalosema kinachobebwa na kisichobebwa, kabla ya abiria kulipa nauli.

Nao waajiri, kuanzia Tume ya Huduma za Walimu hadi idara za afya na polisi, wana deni la kumweleza mfanyakazi ukweli kabla ya kumpandisha gari. Sheria inakuruhusu haya. Mwenyeji wako anachukizwa na haya. Dereva ana haki ya kukukatalia haya. Mtu mzima akielezwa hivyo, wengi huchagua wenyewe kuiacha chupa nyumbani hadi likizo. Anayeona hawezi, ni heri aseme mapema apelekwe kwingine.

Wazee na maimamu nao wana sehemu yao. Mahubiri ya Ijumaa yanayokataza ulevi ni haki yao na wajibu wao. Yakiambatana na ukumbusho kwamba mgeni ni amana na kwamba nyumba yake haipekuliwi, yatakuwa yamemlinda mwalimu kuliko gari la kivita.

Ya kwamba Hulugho haitakuwa meli ya starehe hakuna ashakuye. Lakini kama meli ile, nayo imebeba watu waliotoka kila upande, wenye imani na mazoea tofauti, wanaosafiri pamoja kwa sababu hakuna anayeweza kufika peke yake. Abiria wa meli hujua masharti kabla ya ngazi kuinuliwa. Mwalimu anayeelekea Hulugho muhula ujao anastahili angalau kiasi hicho, na vilevile watoto wanaomsubiri.